Simama, Babu: Presha ya Wazee na Dawa Zilizojaribiwa kwa Wengine

Katika mtaa wa Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa Lamu, ambako nyumba za mawe zimesongamana hata punda wawili wenye mizigo wakikutana ni lazima mmoja arudi nyuma, yuko jirani yangu mmoja, nahodha mstaafu aliyekwisha kupita miaka 80, ambaye kila alfajiri, mwadhini akiwa angali juu ya adhana yake, huteremka gizani ngazi za nyumba yake, ngazi za kale ambazo hapana vidato viwili vyenye kimo kimoja. Mwaka jana alianguka mara mbili. Watu wa nyumbani wakasema ni uzee. Mwenyewe akasema ni giza. Na mimi, niliyezoea kumwona jioni ameketi dakani na tasbihi yake, akili yake timamu na ulimi wake mkali kuliko wa kijana, sikuwa na la kuongeza.

Siku alipokuja mwuguzi kumpima presha nilikuwapo. Alikuwa binti wa makamo ya wajukuu zake, mwenye adabu na asiye na haraka. Alimwomba mzee anyamaze, naye kunyamaza kwake ni adhabu, akamwacha ametulia kwa muda wa dakika 5, miguu yote miwili imekanyaga chini na mkono umelazwa juu ya mto usawa wa moyo, kisha akamfunga mkanda na kuiacha mashine ifanye kazi yake. Tarakimu zikatoka 162 kwa 84. Mzee akaunyosha mkono apate kufunguliwa.

"Bado, babu. Simama."

"Nisimame? Kwani umekimu, mwanangu?"

Tukacheka sote, akasimama. Na kabla ya kutimia dakika 3 mashine ikatoa 131 kwa 70, na mkono wake wa kushoto, bila ya yeye kuuamrisha, ulikuwa umekwisha kushika mwimo wa mlango.

Jambo hilo lina sababu yake. Mtu asimamapo, damu kwa uzito wake huteremka miguuni na tumboni, na katika mishipa mikubwa ya shingo na ya juu ya moyo mna vihisio ambavyo hutambua mara moja kwamba shinikizo limepungua, vikaupelekea ubongo habari, nao ukauamuru moyo upige mbio na mishipa ijibane, hata kijana akasimama na kuketi mara 100 kwa siku asijue kuwa kazi yote hiyo imefanyika ndani yake. Umri ukisonga, mishipa hukakamaa na vihisio hupoteza wepesi wake, na baadhi ya dawa, zikiwamo zile zile za presha, huzidisha uzito huo. Na matabibu wamekubaliana kwamba tarakimu ya juu ikianguka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, ndani ya dakika 3 za kusimama, hiyo ni hitilafu ya kutazamwa. Basi tabibu wa mzee kama huyu yumo baina ya hatari mbili: akiiacha presha ilivyo anahofia kiharusi, na akiishusha anahofia ngazi.

Zamani hofu ya kwanza haikuwako. Mpaka katikati ya karne ya 20 matabibu wengi wa Ulaya na Marekani walishika kwamba presha hupanda na umri kwa hekima ya maumbile, ili damu ipate kupenya katika mishipa iliyokakamaa, na kanuni ya mdomoni ilikuwa kwamba presha ya mtu ni 100 pamoja na umri wake. Aliyetaka kuishusha alionekana mjinga wa kuharibu kilicho sawa. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alitibiwa katika zama hizo, na siku aliyofariki, mwezi wa Aprili 1945, akiwa na miaka 63, presha yake ilifika 300 kwa 190 damu ilipokwisha kupasuka ubongoni. Miaka 3 baadaye, mwaka 1948, katika mji wa Framingham, huko huko Marekani, wakaanza kufuatiliwa watu 5,209 wazima ili ijulikane nani hupatwa na maradhi ya moyo na kwa nini, na ikadhihirika polepole kwamba ile presha iliyodhaniwa kuwa rehema ya uzeeni ilikuwa ikiwaua watu.

Lakini kujua kwamba kitu kinadhuru ni jambo moja, na kujua kwamba kukiondoa kunafaa ni jambo jingine, na hilo la pili halipatikani ila kwa kulinganisha. Fikira yenyewe ni ya kale. Abu Bakr al-Razi, tabibu wa Kiajemi aliyefariki katika karne ya 10, aliandika kwamba wagonjwa wa homa ya ubongo aliwagawa, baadhi yao akawatoa damu na baadhi akawaacha kwa makusudi, apate kuona tofauti. Kilichozidishwa na zama zetu ni kura, ili tabibu asiwachague mwenyewe wa kupewa dawa, na kile kidonge kitupu kinachofanana na dawa kwa umbo na rangi, ili wala mgonjwa wala mpimaji asijue nani amepata nini.

Kwa njia hiyo, mwaka 1991, utafiti wa Marekani uitwao SHEP, uliowahusu watu 4,736 wenye miaka 60 na kuendelea, ulionyesha kwamba kushusha tarakimu ya juu kulipunguza kiharusi kwa 36 kwa mia. Wakabaki walio 80 na zaidi, ambao aghalabu hawakuandikwa katika majaribio, kwa kuwa wana maradhi mengi, humeza dawa nyingi, na wengine hufa kabla utafiti haujesha. Yaani waliwekwa nje kwa sababu zile zile zinazowafanya kuwa wahitaji. Swali lao lilijibiwa mwaka 2008 na jaribio lililoitwa HYVET, lililowakusanya watu 3,845 wa umri huo kutoka nchi za Ulaya, China, Australia na Tunisia. Waliopewa indapamide, wakaongezewa perindopril ilipohitajika, lengo likiwa 150 kwa 80, walipata kiharusi pungufu kwa 30 kwa mia kuliko waliopewa vidonge vitupu, vifo vya kila namna vikapungua kwa 21 kwa mia, na moyo kushindwa kazi kukapungua kwa 64 kwa mia, hata jaribio likasimamishwa kabla ya wakati wake.

Bishara njema kwa nahodha wetu? Ngoja. Katika masharti ya HYVET limo moja ambalo wasomaji wengi hulipita: mzee ambaye tarakimu yake ya juu, akiwa amesimama, ilikuwa chini ya 140 hakukubaliwa kuingia. Tarakimu ya nahodha ni 131. Angelikwenda mlangoni mwa utafiti ule angelirudishwa; basi maneno mazuri ya utafiti huo hayakusemwa juu yake. Sisemi kwamba dawa hazimfai, wala mtu asiache zake kwa kunisoma mimi. Nasema kwamba tabibu wake anapomwandikia anakwenda kwa ijtihadi, na ni haki yake mgonjwa kulijua hilo.

Na upande wetu huku? Uchunguzi uliofanywa kwa miaka 3 tangu Juni 2003 katika Tanzania ulipata kwamba viharusi vipya kwa mwaka, hesabu zikisawazishwa kwa umri, vilikuwa takriban 109 kwa kila watu 100,000 katika wilaya ya Hai, na takriban 316 katika Dar es Salaam, hesabu ambayo yapasa kuwakosesha usingizi watu wa mijini. Hapo hapo Hai, wazee wa miaka 70 na zaidi walipopimwa, karibu 7 katika kila 10 walikuwa na presha ya kupanda, na walioipata dawa na ikawatuliza walikuwa wachache mno.

Juu ya dawa zenyewe, mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya CREOLE, jaribio lililofanyika katika nchi 6 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, Elijah Ogola wa Chuo Kikuu cha Nairobi akiwa miongoni mwa wataalamu wake. Wagonjwa 728 walipewa dawa mbili mbili kwa kura, wakafungwa mashine ya kupima presha mchana na usiku, na ikabainika baada ya miezi 6 kwamba amlodipine, ikiambatana na hydrochlorothiazide au na perindopril, huishusha tarakimu ya juu kwa takriban milimita 3 za zebaki zaidi kuliko hizo mbili zilizobaki zikiambatana bila ya amlodipine. Ni kazi ya kujivunia, nami naisifu bila ya kusita. Ila wastani wa umri wa waliojaribiwa ulikuwa miaka 51, na hapana aliyezidi 79. Nahodha angelirudishwa mlango wa pili pia.

Kuhusu chumvi niseme kidogo, maana hapa kwetu haikosi chunguni na ng'onda haikosi sokoni. Katika vijiji 600 vya China walifuatiliwa wazee wenye presha na watu waliokwisha kuugua kiharusi, jumla yao 20,995, nusu ya vijiji wakapikia chumvi ya kawaida na nusu nyingine chumvi ambayo robo yake ni chumvi ya potasiamu. Mwaka 2021 ikatangazwa kwamba kwa hao wa pili kiharusi kilipungua kwa 14 kwa mia. Mwenye maradhi ya mafigo asiiguse chumvi hiyo bila ya idhini ya tabibu wake.

Mwuguzi yule aliziandika tarakimu zote mbili, ya kuketi na ya kusimama, akazipeleka kwa daktari, naye akaipunguza mojawapo ya dawa nne alizokuwa akimeza mzee. Nyumbani akaagizwa akiamka aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, anywe maji, ahesabu mpaka 100, ndipo ainuke. Na wajukuu wakamtilia taa ngazini na kamba ya kushikia, fundo lake amelifunga yeye mwenyewe, kwa kuwa hakuridhika na lao. Hajaanguka tena. Nawe msomaji, umpelekapo mzazi wako kupimwa, mwombe mpimaji ampime ameketi, kisha ampime amesimama, na zote mbili ziandikwe katika kadi yake.