Kusawazisha Ardhi kwa Trekta: Funzo la Uwanja Mmoja wa Ilala

Mkazi wa Ilala hana haja ya kuelezwa kwamba maji ya mvua yana nguvu. Masika yanapofika, kati ya Machi na Mei, na vuli zinaponyesha mwishoni mwa mwaka, mitaa ya Kariakoo hugeuka madimbwi kwa muda mfupi, na Mto Msimbazi, unaoteremka kutoka vilima vya Pugu hadi baharini penye Daraja la Selander, hufurika katika bonde la Jangwani. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoletwa na mvua iliyotajwa kuwa kubwa kuliko zote tangu mwaka 1954, yaliua watu zaidi ya 40 jijini. Karakana ya mabasi yaendayo haraka, ambayo yalianza kazi mwaka 2016, ilijengwa hapo hapo Jangwani, nayo imeingiliwa na maji mara kadhaa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 200 kwa ajili ya mradi wa kuliendeleza bonde hilo.

Hayo ni mambo makubwa ya wahandisi na serikali. Lakini mafuriko makubwa yana ndugu zao wadogo: maji yanayotuama katika uwanja wa shule, na maji yanayopenya chini ya mlango wa jirani. Aghalabu hayo hutokana na tofauti ya sentimita chache tu katika uso wa ardhi. Tofauti hiyo yaweza kurekebishwa kwa trekta ya kawaida inayovuta sanduku la chuma. Katika makala haya nitaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika, sayansi iliyomo ndani yake, na kosa nililolifanya mimi mwenyewe nilipojifunza.

Chombo chenyewe

Sanduku ninalolizungumzia halina sakafu wala kifuniko. Lina mbavu mbili za chuma ubavuni, na visu viwili virefu vilivyokingama, kimoja kikitazama mbele na kimoja nyuma. Mbele ya visu hivyo huwa kuna safu ya meno ya kuchimbua udongo mgumu. Linapovutwa, hukwangua udongo mahali palipoinuka, huubeba ndani yake, kisha huuacha mahali palipodidimia. Greda la barabarani hufanya kazi ya namna hiyo kwa ukubwa na ustadi zaidi, lakini greda halipiti katika lango la kila shule.

Sanduku hushikwa na trekta kwa mikono mitatu: miwili chini na mmoja juu. Mpango huu wa mikono mitatu ulienea kutokana na kazi ya Harry Ferguson wa Ireland ya Kaskazini, aliyepata hataza yake mwaka 1926. Kabla yake, jembe lilivutwa nyuma ya trekta kama mkokoteni. Jembe lilipokwama kwenye jiwe au kisiki, trekta iliweza kuinuka mbele na kumpindukia dereva. Katika mpango wa Ferguson, chombo kinapokwama, mkono wa juu husukuma mbele na kuyakandamiza magurudumu ya mbele yabaki ardhini.

Mkono huo wa juu ndio usukani wa pili wa dereva. Ukifupishwa, sanduku huinamia mbele, na meno pamoja na kisu cha mbele huuma zaidi. Ukirefushwa, sanduku hulalia nyuma, na kisu cha nyuma hulainisha na kutandaza. Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba katika trekta nyingi haidroliki huinua tu, haisukumi chini. Sanduku hushuka kwa uzito wake wenyewe na wa udongo uliomo.

Kwa nini uwanja hugeuka mawimbi

Miaka michache iliyopita niliombwa na walimu wa shule moja ya sekondari, iliyo karibu na Bonde la Msimbazi, niwasaidie kuurekebisha uwanja wao wa michezo. Uwanja ulikuwa na urefu wa mita 60 na upana wa mita 40. Nilikuwa nimerejea na shahada ya udaktari kutoka ng'ambo, na hesabu za mwendo wa maji nilizijua vema. Tulipata trekta na sanduku kwa kukodi, pamoja na dereva mmoja mzee aliyefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Nilimwamkia, kisha nikamwomba anipishe usukani nijaribu. Alicheka kidogo, akanipisha.

Baada ya nusu saa uwanja ulikuwa mbaya kuliko nilivyoukuta. Ulikuwa na mawimbi mfululizo kama bahari ya kusi. Kila nilipopita kuyaondoa, niliyaongeza. Mzee aliniambia, "Daktari, wewe umeufuata uwanja. Uwanja ndio ulipaswa kukufuata wewe."

Maneno hayo ni hesabu kamili, na mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuithibitisha. Tuchukue trekta ambayo umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni mita 2, na kisu kiko mita 1 nyuma ya magurudumu ya nyuma. Trekta na sanduku, mikono ikiwa imetulia, ni kama wenzo mmoja mrefu ambao egemeo lake ni magurudumu ya nyuma. Magurudumu ya mbele yakipanda nundu ya sentimita 10, kisu hushuka. Kwa kanuni ya pembetatu zinazofanana, hushuka kwa nusu ya kimo hicho, yaani sentimita 5. Kwa hiyo huchimba shimo, mita 3 nyuma ya nundu, mahali ambapo pengine palikuwa sawa.

Trekta ikiendelea, magurudumu ya nyuma nayo hupanda nundu ile ile, na yale ya mbele yamekwisha kushuka. Sasa kisu huinuka sentimita 10 pamoja na magurudumu, na nyingine 5 kwa sababu ya mwinamo wa trekta: jumla sentimita 15. Udongo uliobebwa humwagika, na tuta jipya huzaliwa mita 1 nyuma ya nundu. Nundu moja imezaa shimo moja na tuta moja. Katika mzunguko unaofuata, trekta itayapanda hayo mapya, nayo yatazaa mengine.

Dawa yake mzee alinionyesha bila kutumia pembetatu. Kwanza, alikwenda polepole sana, na kukata kwa kina cha sentimita 2 au 3 tu. Pili, alihakikisha sanduku limejaa udongo, ili kila shimo lipate cha kulijaza. Tatu, hakurudia njia ile ile: alipita kwa urefu, kisha kwa mshazari, kisha kwa upana, ili magurudumu yasikutane na mawimbi yale yale kwa mpangilio ule ule. Nne, mkono wake haukutoka kwenye wenzo wa haidroliki. Magurudumu ya mbele yalipoanza kupanda, aliinua sanduku kidogo kabla kisu hakijachimba. Hakungoja kuona kosa nyuma yake.

Kipimo kisichopanda trekta

Hata hivyo, dereva stadi naye anaweza kudanganyika. Aliyeketi juu ya trekta huinama pamoja nayo, na jicho lake huizoea hali hiyo. Mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita 1 hauonekani kwa macho matupu, hasa katika eneo tambarare lisilo na kilima cha kulinganisha nacho. Kwa hiyo kipimo lazima kitoke nje ya trekta.

Mafundi uashi wetu wana kipimo hicho siku zote: mpira wa maji unaopenyeza mwanga. Mpira ukijazwa maji bila kuacha viputo vya hewa, maji katika ncha zake mbili husimama kwenye kimo kimoja, hata ncha hizo zikiwa mbalimbali mita 20. Sababu ni kwamba shinikizo la hewa juu ya ncha zote mbili ni sawa, na maji hayatulii mpaka vimo vyake vilingane. Tulipigilia vigingi kila baada ya mita 10, tukavitia alama za usawa kwa mpira huo, kisha tukapima kushuka chini ya alama hizo. Kwa mteremko wa 1 kwa 100, upana wa mita 40 ulihitaji kushuka sentimita 40 kutoka ukingo mmoja hadi wa pili.

Ieleweke basi kwamba kusawazisha ardhi si kuifanya bapa kabisa. Uso ulio bapa kabisa huyazuia maji. Tunachokitafuta ni uso usio na nundu wala mashimo, wenye mwinamo mdogo unaoyaonyesha maji pa kwenda.

Udongo na maji yake

Asubuhi moja mzee alikataa kuwasha trekta kwa sababu udongo ulikuwa umelowa mno. Alichota konzi moja, akaifinya, akanionyesha: tope lilipenya kati ya vidole. Siku mbili baadaye alifinya tena. Safari hii donge lilishikamana, na alipolibonyeza kwa kidole gumba likakatika vipande safi. Hapo akakubali kuanza.

Mwaka 1933 mhandisi Mmarekani Ralph Proctor alieleza jambo hilo kwa vipimo vya maabara. Alionyesha kwamba kwa nguvu ile ile ya kushindilia, kila udongo una kiasi chake cha unyevu kinachoufanya ushikamane kuliko vinginevyo. Ukiwa mkavu mno, chembe hukataa kusogeleana. Ukilowa mno, maji hujaza nafasi ambazo chembe zingezijaza. Ndiyo maana kifusi kinachomwagwa kwa pupa siku ya mvua hudidimia baada ya miezi michache, hata kama kilionekana kizuri siku kilipotandazwa. Kadhalika, kifusi kitandazwe kwa tabaka nyembamba, zisizozidi sentimita 15 au hivi, na kila tabaka ishindiliwe kabla ya inayofuata.

Tena trekta inayoingia katika udongo uliolowa huacha mifuo ya magurudumu, na mifuo hiyo si aibu ya macho tu. Mbu aina ya Anopheles gambiae, waenezao malaria, hupenda kutaga katika vidimbwi vidogo vinavyopigwa na jua, hata katika alama za magurudumu. Katika joto la pwani yetu, yai huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Mpango wa jiji wa kudhibiti malaria ulioanzishwa mwaka 2004 ulituma watu wakague vidimbwi vya namna hiyo mtaa kwa mtaa. Dereva aliyeacha mifuo nyuma yake huwaongezea kazi watu hao.

Maji yaende wapi?

Tulipomaliza, uwanja ulikuwa mzuri. Uliteremka kwa utaratibu kuelekea magharibi, na niliuonea fahari. Mvua ya kwanza ilinyesha usiku. Asubuhi uwanja ulikuwa umekauka, lakini mama mmoja kutoka nyumba za nyuma ya ukuta alikuwa langoni akitungoja. Maji yalikuwa yameingia chumbani kwake na kulowesha magodoro ya watoto. Hakugomba. Alisema tu, "Walimu, maji haya yalikuwa yenu. Mbona leo mmetupa sisi?"

Sikuwa na jibu, ila hesabu niliyopaswa kuifanya mapema. Milimita 1 ya mvua juu ya mita ya mraba 1 ni lita 1 ya maji. Uwanja wetu ulikuwa na mita za mraba 2,400. Mvua ya milimita 50 humwaga juu yake lita 120,000, ambazo ni mapipa 600 ya lita 200 kila moja. Zamani maji hayo yalitapakaa katika mashimo ya uwanja na kunywewa na mchanga taratibu. Sisi tuliyaondoa mashimo, tukaushindilia uso mpaka ukawa karibu kama paa la nyumba, kisha tukayaelekeza maji yote upande mmoja. Mteremko niliupima kwa uangalifu; mwisho wake sikuutazama.

Tulikwenda kumwomba mama yule radhi, tukamsaidia kukausha nyumba, na wiki iliyofuata tukamwita mzee. Alifupisha fimbo inayoushikilia mkono mmoja wa chini, sanduku likalala upande, naye akachonga kando ya ukuta mfereji mpana usio na kina kirefu. Mfereji huo ulishuka sentimita 30 katika urefu wa mita 60, yaani 1 kwa 200, mpaka kwenye mtaro wa barabara upande wa kaskazini. Wanafunzi walipanda majani ndani yake ili yapunguze kasi ya maji na kuzuia mmomonyoko, na mtaro wenyewe ukasafishwa taka. Mvua iliyofuata, mimi na walimu wawili tulisimama nyuma ya ukuta na miavuli yetu, tukitazama. Ukingo wa nyumba ya yule mama ulibaki mkavu.

Kazi ya darasani

Walimu wa fizikia, hisabati na jiografia wanaweza kulitumia somo hili bila kuwa na trekta. Wanafunzi wapewe mpira wa maji wa mita 10, vigingi, uzi na rula, wapime vimo vya uwanja wao na kuchora ramani ya miteremko yake. Kisha wakokotoe lita za maji yanayouangukia katika mvua ya milimita 30. Mwisho, na hili ndilo muhimu kuliko yote, watembee nje ya ukuta wa shule hadi mahali maji hayo yanapoishia, na kuona ni nani anayeishi hapo.

Wahenga wamesema kwamba maji hufuata mkondo. Anayeshika usukani wa trekta ndiye anayeuchagua mkondo huo, hivyo hana budi kuufuata kwa miguu yake mpaka mwisho kabla hajashusha kisu.