Picha za zamani za familia kwenye DVD: kazi kubwa inafanyika mbele ya kugusa ordinateri

Katika mitaa ya Goma na Bukavu, studio za picha na sekretaria za kandokando ya barabara zinapokea kazi moja ambayo haikosi wateja wakati wa harusi na wakati wa kutosha matanga: kuchukua picha za zamani za familia, kuziingiza kwenye ordinateri, kuzitilia muziki na kutengeneza DVD ambayo watu wote watatazama pamoja kwenye televizio. Mteja anafika na sashe ya picha, anaacha avansi, anarudi kesho yake kuchukua diski. Inaonekana ni kazi ndogo. Lakini familia nyingi zinakuja kugundua kisha miaka kidogo kwamba diski haisomi tena, na picha zenyewe hazijulikani ziko wapi.

Na picha hizo mara nyingi ziko moja moja tu. Negativu zilishapotea zamani pamoja na studio iliyozitengeneza. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wa Goma mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena na kuchoma nyumba upande wa Buhene, na tarehe 27 Mei wakaaji wa mitaa mingi wakaombwa kutoka mbio; wengine wakaenda Sake, wengine Rwanda, wengine wakavuka ziwa mpaka Bukavu. Bila kuhesabu vita, ambavyo vimefanya watu wahame mara mbili, mara tatu. Mtu anayekimbia anabeba mtoto, sufuria, godoro, na kadi ya uchaguzi juu njo inamtambulisha kwenye bariere. Albamu inabaki mu nyumba.

Njo maana ni vizuri kuelewa namna kazi hii inaendeshwa, hata kama ni kijana wa studio atakayeifanya.

Kwanza kujua ni nani yuko kwenye picha

Mbele ya yote, picha zinapaswa kupita mikononi mwa wazee. Si ordinateri itakayojua kama yule kijana mwenye kofia ni mjomba ama ni jirani. Bibi akishaondoka, jina linaondoka naye. Inafaa kuketi naye nusu siku, kumuonyesha picha moja moja, na kuacha telefone inarekodi wakati anasema. Kazi hiyo inasaidia mara mbili: majina yanapatikana, na sauti yake yenyewe inaweza kuwekwa ndani ya filamu, chini ya picha, pahali pa muziki. Hakuna wimbo unaoweza kushinda sauti ya bibi anayecheka akisema huyu alikuwa anapenda sana kucheza.

Nyuma ya picha kuna habari pia. Studio nyingi za zamani zilipiga muhuri wenye jina la mji. Muhuri ukisema Élisabethville, Stanleyville ama Albertville, picha ile kwa kawaida ni ya mbele ya 1966, mwaka ambao miji hiyo ilipata majina ya Lubumbashi, Kisangani na Kalemie. Kukiandikwa Zaïre, ni kati ya 1971 na 1997. Baba aliyevaa abakosti, bila kravati, anapeleka picha katika miaka ya Mobutu. Na majina yenyewe yanachanganya watoto wa leo: tangu 1972 majina ya kikristo yalikatazwa, basi mtu aliyeitwa Joseph kwenye picha ya 1968 anaweza kuwa na jina lingine kabisa kwenye picha ya 1975. Si watu wawili. Kwenye filamu inafaa kuandika majina yote mawili, la sivyo wajukuu watatafuta ndugu ambaye hakuwepo.

Tarehe na majina yanaandikwa nyuma kwa kreyo, polepole, bila kukandamiza. Biki inapitisha alama upande wa mbele, na wino wake unaweza kuchafua picha iliyo chini yake.

Skana: pahali ambapo watu wanafanya haraka

Picha inafutwa vumbi na kitambaa laini kikavu. Si maji, na si mate, ingawa mate njo dawa ambayo kila mtu anakimbilia. Picha iliyogandama kwenye ukurasa wa albamu ya nailoni haivutwi kwa nguvu. Inaskaniwa pamoja na ukurasa wake. Ile iliyoshikana na kioo cha kadre kwa sababu ya unyevu inaskaniwa kupitia kioo hicho. Kama mvua iliingia na picha zimelowana, zinatenganishwa pole na kukaushwa kivulini, uso ukiangalia juu, bila kuzipandanisha.

Kisha kuna hesabu ambayo mteja anaweza kuuliza bila haya. Skana inapimwa kwa nukta kwa kila inchi. Picha ya kawaida ya sentimeta 10 kwa 15, ikiskaniwa kwa 300, inatoa karibu nukta 1.180 kwa 1.770, ni kusema zaidi ya milioni mbili. Inatosha kuichapisha tena kwa ukubwa ule ule. Picha ndogo, kama zile za pasiporti ambazo mara nyingi njo picha pekee ya babu iliyobaki, zinaomba 600 ama zaidi. Zile za nyeusi na nyeupe nazo ziskaniwe kwa rangi, maana ile kahawia ya uzee ni sehemu ya picha, na inasaidia pia kusafisha madoa baadaye.

Pasipo skana, telefone nzuri inaweza kusaidia: picha inalazwa karibu na dirisha, mwanga wa jua usiipige moja kwa moja, flashi imezimwa, na telefone inashikwa sambamba na picha. Haitakuwa sawa na skana. Lakini ni afadhali kuliko kungoja siku ya kupata pesa, siku ambayo inaweza kukuta albamu imeshaliwa na mchwa.

Sasa, jambo ambalo wengi hawaambiwi. DVD ya kutazama kwenye televizio inaonyesha nukta 720 kwa 576 tu, karibu 415.000. Ni kusema picha iliyoskaniwa vizuri inapunguzwa mara tano ili iingie mule. Kwa televizio hakuna ubaya, mtu hataona. Lakini yule anayebaki na DVD peke yake hawezi tena kutosha picha nzuri ya kuweka kwenye kadre siku ya matanga. DVD ni ya kuketi pamoja na kutazama. Kitu cha kulinda ni faili zenyewe za skana, na mteja anapaswa kuziomba kwenye flashi tangu siku ya kwanza, mbele ya kulipa salio.

Muziki na mpangilio

Picha moja inakaa kwenye skrini sekunde tano mpaka saba. Wimbo wa dakika nne una sekunde 240, basi unabeba picha karibu 40. Familia inayoleta picha 200 inahitaji nyimbo tano hivi, na filamu ya dakika 20. Zaidi ya hapo hata mashangazi wanaanza kuangalia telefone zao. Picha ya watu wengi, kama ya harusi ama ya darasa, iachwe hata sekunde kumi, juu kila mtu anatafuta uso wake.

Rumba yetu, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha yake mu Desemba 2021, imejengwa kama vile ilifikiriwa kwa kazi hii. Inaanza polepole kwa maneno, kisha gitaa zinashika sebene na mwendo unabadilika. Picha za zamani, za wazee na za studio zenye pazia la kuchorwa, zinakaa kwenye sehemu ya pole. Za harusi na za watoto zinangojea sebene. Mtu wa montaji anayejua kusikiliza anapanga hivyo. Asiyejua anaweka jeneza wakati watu kwenye muziki wanapiga kelele ya kucheza, na sebule nzima inakaa kimya kwa aibu.

Kuna pia kaseti. Kuna familia zilizokuwa zinatumiana barua za sauti, ama zilirekodi kwaya na harusi. Kaseti inachezwa kwenye redio nzuri, kichwa chake kikiwa kimesafishwa na alkoli, waya inatoka kwenye tundu la ekuta mpaka kwenye ordinateri, na programu ya bure kama Audacity inarekodi. Ni kazi ya muda ule ule: kaseti ya dakika 60 inaomba dakika 60. Wimbo wa msanii unaotazamwa nyumbani na jamaa ni jambo la mu nyumba. Kuzidisha diski ile na kuiuza, ama kuitangaza, ni jambo lingine. Nchi ina sheria ya haki za watunzi tangu 1986.

Lakini mpangilio wenye kuleta maneno si wa muziki. Ni kuhusu nani anaonekana na nani anakatwa. Mke wa kwanza yuko ndani ama hapana? Mtoto aliyezaliwa inje? Upande wa mama umepewa picha ngapi? Kijana wa studio hawezi kuamua, na akiamua atakosea. Ni vizuri watu wawili watatu, wa pande zote mbili za familia, watazame orodha ya picha mbele ya montaji. Wafikirie pia picha za mtu aliye na uniforme ya jeshi la wakati fulani, ama za msichana ambaye leo ni mama wa watu. Diski inasafiri kwenye begi na inapita kwenye bariere. Haibaki sebuleni siku zote.

Kuchoma diski, courant na ndugu wa Ulaya

Kosa linalorudia zaidi liko hapa. Kuna wanaochukua faili ya video na kuikopi tu kwenye diski, kama vile wangeiweka kwenye flashi. Ordinateri itaisoma, lakini masini ya DVD ya zamani itaandika kwamba haijui. DVD ya kweli inatengenezwa na programu ya kazi hiyo, kama DVDStyler ambayo ni ya bure, nayo inaunda foda yenye jina VIDEO_TS. Kisha diski inafungwa, ni kusema inakamilishwa ili masini zingine ziisome. Nafasi yake inaandikwa giga 4,7, ingawa ordinateri itaonyesha karibu 4,37. Dakika 20 za picha zinaingia bila shida.

Kugrave kwa mwendo mdogo, 4 ama 8, kunasaidia diski za bei rahisi. Na kunaomba courant isiyokatika: umeme ukienda katikati, diski ile imekufa na haifufuki. Wenye kujua wanagrave na laptopu yenye batri iliyojaa. Diski ikitoka inajaribiwa kwenye masini nyingine, si ile iliyoichoma, tena mpaka mwisho wa filamu, kwani mara nyingi diski mbaya inakwama kwenye dakika za mwisho.

Majina yanayoandikwa chini ya picha yasikaribie ukingo. Televizio za zamani zinakata pande zote. Picha za wima zitabaki na weusi kushoto na kuume, na ni afadhali hivyo kuliko kuzivuta mpaka bibi aonekane mnene.

Kama diski inatumwa kwa ndugu, inafaa kujua anaishi wapi. Mfumo wa PAL, ambao studio za kwetu zinatumia, unasomwa Ubelgiji na Ufaransa. Marekani na Kanada wanatumia NTSC, na masini nyingi za huko zinakataa PAL ama zinaonyesha kwa shida. Kwa ndugu wa huko studio itengeneze diski ya pili ya NTSC, ni kuchagua tu kwenye programu, ama familia imtumie faili ya video kwa intaneti. Na vijana wengi leo hawana tena masini ya DVD. Kwao flashi inayoingia nyuma ya televizio inatosha.

Diski inaandikwa juu na kalamu ya feltri isiyokwaruza, bila kubandika karatasi ya gundi. Inakaa imesimama kwenye boksi lake, mbali na jua na mabati yenye moto, kwa kuwa rangi inayoshika picha ndani yake inafifia na joto. Faili za skana ziwekwe pahali pawili: moja nyumbani, moja kwa ndugu wa mji mwingine, Uvira, Bunia, Lubumbashi, popote ambapo shida ya siku moja haiwezi kufika pande zote kwa pamoja.

Na mbele ya kutoka kwenye studio, picha za karatasi zinahesabiwa. Zilizoingia 87, zitoke 87, pamoja na flashi, mbele ya mtu kulipa salio lake.