Filamu za Sebuleni na Kiswahili Kinachosikika Ndani Yake

Filamu inapohama kutoka jumba la sinema kuja sebuleni hupoteza mambo mawili kwa mpigo, yaani ukubwa wa picha na giza la ukumbi, na ndiyo maana filamu nyingi za mapigano na milipuko, zilizotengenezwa kwa ajili ya ukuta mzima wa picha na spika za kutikisa viti, huonekana zimepwaya zikitazamwa kwenye televisheni ya inchi 32 huku jirani akibisha hodi na sufuria ikichemka jikoni. Kisichopungua ni sauti ya mtu anayezungumza. Kwa hiyo mtazamaji anayetafuta filamu ya kutazama nyumbani ana jambo la kuangalia kabla ya jina la mwigizaji na kabla ya orodha ya tuzo, nalo ni lugha inayosemwa ndani ya filamu na namna inavyosemwa. Na kwa bahati njema miaka ya karibuni imeleta filamu kadhaa, kutoka Tanzania, Kenya na Kongo, ambazo ndani yake Kiswahili hakikutiwa kama pambo bali ndicho kinachobeba kisa.

Mazoea ya kuifuata filamu kwa masikio si mapya katika Afrika Mashariki. Katika vibanda umiza, yaani mabanda ya video yenye mabenchi ya mbao na televisheni moja iliyowekwa juu ili wote waione, filamu za Hong Kong, India na Marekani zilipata uhai mpya kwa sauti ya mfasiri aliyezungumza juu ya sauti za waigizaji, na majina kama Lufufu kwa Tanzania na DJ Afro kwa Kenya yalijulikana kuliko majina ya waongozaji wenyewe. Hao hawakuwa wafasiri kwa maana inayofundishwa vyuoni, kwa kuwa waliongeza, walipunguza, walitania, na walimwonya steringi, yaani mhusika mkuu ambaye kwa kanuni ya vibandani hafi hata apigwe risasi ngapi, kuhusu adui aliyejificha nyuma ya mlango. Wasomi wengine waliwahesabu kuwa waharibifu wa sanaa, hukumu ambayo haiwatendei haki, kwa maana wao ndio waliomzoesha mtazamaji wa kawaida kudai kwamba filamu izungumze naye.

Filamu inayostahili kutajwa mwanzo ni Vuta N'kuvute ya mwongozaji Amil Shivji, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto mwaka 2021 na ambayo sokoni hupatikana pia kwa jina la Tug of War. Mwaka 2022 Tanzania iliiwasilisha kuwania tuzo za Oscar katika kundi la filamu za kimataifa, hatua ambayo nchi hiyo haikuwa imeichukua tangu ilipoiwasilisha Maangamizi mwaka 2001. Kisa kimetolewa katika riwaya ya Adam Shafi ambayo wanafunzi wengi wa Tanzania wameisoma shuleni, na kinatokea Zanzibar katika miaka ya 1950, wakati utawala wa Waingereza ulipokuwa unaelekea ukingoni: Yasmin, msichana mwenye asili ya Kihindi aliyeozwa kwa mzee asiyempenda, anatoroka ndoa na kupata hifadhi kwa Mwajuma, kisha anakutana na Denge, kijana anayepigania uhuru na ambaye askari wa serikali wanamsaka. Jina lenyewe ni la mchezo wa pande mbili kuvutana kwa kamba, na katika kisa hiki wanaovutwa ni wengi, yaani msichana kati ya ukoo wake na moyo wake, na kisiwa kizima kati ya mtawala na wananchi.

Thamani ya filamu hii kwa mtazamaji wa nyumbani imo katika mazungumzo yake ya vyumbani na vibarazani. Kiunguja, yaani Kiswahili cha mji wa Zanzibar, ndicho kilichochaguliwa mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kwa hiyo msikilizaji wa Dodoma au Nakuru atayafahamu maneno karibu yote. Lakini lugha ya vitabu vya shule na lugha ya mtu wa mtaa wa Ng'ambo mjini humo anayemtania shoga yake ni vitu viwili, na filamu inamsikilizisha mtazamaji ile ya pili, yenye mizaha iliyofunikwa kwa adabu na vijembe vinavyorushwa bila kutaja jina. Mwajuma anaigizwa na Siti Amina, mwimbaji wa Zanzibar ambaye hata nje ya filamu anajulikana kwa taarabu, na jambo hilo linaonekana katika namna anavyoimba bila kuigiza kwamba anaimba. Picha nyingi za ndani zimepigwa katika mwanga hafifu, na kwa sababu hiyo haifai kuitazama mchana kwenye simu, kwa kuwa kioo kitarudisha uso wa mtazamaji mwenyewe badala ya uso wa Yasmin. Ni filamu ya usiku, pazia likiwa limefungwa. Kasoro yake ni kwamba mapenzi ya vijana wawili yamepewa nafasi kubwa kuliko siasa iliyowakutanisha, na msomaji wa riwaya atawakosa watu na safari zilizoachwa, ingawa ni vigumu kuona jinsi kitabu kinene kingeingia katika saa moja na nusu bila kukatwa popote.

Kiswahili cha upande wa pili wa Ziwa Tanganyika kinasikika katika Augure, inayouzwa pia kwa jina la Omen, filamu ya mwaka 2023 ya Baloji, msanii aliyezaliwa Lubumbashi na kukulia Ubelgiji. Ndani yake Kifaransa, Kiswahili na Kilingala vinapishana kama vinavyopishana katika nyumba nyingi za Kongo. Kiswahili cha Lubumbashi kilikua katika makambi ya wachimbaji wa shaba, kikipokea maneno na matamshi ya lugha nyingi za Kibantu zilizokutana humo, na tofauti yake husikika upesi, kwa mfano watu huwa "batu" na watoto huwa "batoto". Mtu wa Pwani anaweza kukicheka, na huko ni kukosea, kwa sababu kina kanuni zake na kinasemwa na watu wengi.

Kisa kinamfuata Koffi, anayerudi Kongo baada ya kuishi Ulaya kwa miaka mingi, akiandamana na mchumba wake Mbelgiji ambaye ni mjamzito, kwa nia ya kuonana na wazazi na kutoa mahari. Alipokuwa mtoto alifukuzwa na ndugu zake kwa sababu ya alama ya kuzaliwa iliyochukuliwa kuwa ishara ya uchawi. Tukio la kukaziwa macho ni la kikao cha ukoo: Koffi anapewa mtoto mchanga wa dada yake ampakate, wote wakiwa wametulia, na hapo ndipo damu inapoanza kumtoka puani na kumdondokea mtoto. Jambo ambalo katika chumba cha daktari lingemalizwa kwa pamba linageuka, katika muda wa pumzi chache, kuwa ushahidi wa tuhuma ya zamani, mtoto ananyakuliwa, sauti zinapanda, na mchumba ambaye haelewi lugha anabaki akisoma nyuso. Hapo msikilizaji wa Kiswahili yupo mahali ambapo mtazamaji wa Ulaya hawezi kufika, kwa kuwa yeye anausikia ukoo huku mwenziwe akiyasoma maandishi ya chini, yaani ile tafsiri fupi inayopita kwenye ukingo wa picha na ambayo kwa kawaida hutupa nusu ya maneno ili mstari utoshe. Baadaye filamu inagawanyika kuwafuata watu wanne, na si sehemu zote zenye uzito sawa. Habari za watoto wa mitaani waliovaa magauni ya rangi ya waridi zinapendeza kwa macho kuliko zinavyoeleweka. Katika tamasha la Cannes ilipata tuzo ya sauti mpya, nayo si filamu ya kutazama huku mtu anachambua mchele.

Kwa familia yenye watoto, chaguo la uhakika zaidi lina umri wa miaka michache. Supa Modo ya Mkenya Likarion Wainaina, iliyotoka mwaka 2018 na isiyozidi saa moja na robo, inamhusu Jo, msichana wa miaka tisa mwenye ugonjwa usioponyeka, ambaye mama yake amemtoa hospitali ili amalizie siku zake nyumbani. Jo anapenda filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, na dada yake, asiyeweza kuvumilia kumwona amelala tu, anawashawishi wanakijiji wamfanye aamini kwamba yeye mwenyewe ana nguvu hizo, hadi mwishowe kijiji kizima kinaingia katika kazi ya kutengeneza filamu ambayo steringi wake ni Jo. Mmoja wa wanaosaidia ni mwenye banda la video la kijijini, anayezungumza juu ya picha kwa mtindo uleule wa vibandani, na kwa mtazamaji aliyekulia kwenye mabenchi hayo, kumwona mtu huyo akiheshimiwa ndani ya filamu ni kama deni lililolipwa. Mzazi ajiandae kwa maswali, kwani filamu haifichi kwamba mtoto anakufa, na yale maelezo ya uainishaji yanayowekwa na bodi za filamu, kama vile herufi GE ambazo nchini Kenya humaanisha filamu inayofaa watu wa umri wote, hupima picha za ukatili na matusi lakini hayapimi huzuni.

Nawi ya mwaka 2024, iliyopigwa Turkana kaskazini mwa Kenya, ina kisa kinachotabirika, cha binti hodari wa masomo ambaye baba yake anataka kumwoza kwa mifugo, ila mwigizaji wake mchanga, Michelle Lemuya Ikeny, anatosha kuwa sababu ya kuitazama. Filamu ya Binti, ya mwongozaji Seko Shamte na ya mwaka 2021, inayosimulia maisha ya wanawake wanne wa Dar es Salaam, iliingia Netflix. Sehemu zake zinatofautiana kwa ubora, na Kiswahili chake ni cha mjini, chepesi.

Iliyobaki ni filamu ya makala, yaani ile inayofuata watu halisi katika mambo yao halisi badala ya waigizaji. The Empty Grave, maana yake kaburi tupu, iliyoongozwa na Agnes Lisa Wegner na Cece Mlay na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza Berlin Februari 2024, inazifuata familia mbili za Kitanzania, moja ya Songea na nyingine ya Meru, zinazotafuta mabaki ya mababu waliouawa na Wajerumani wakati wa ukoloni na mifupa yao kupelekwa Ujerumani kwa utafiti uliokusudiwa kuthibitisha ubora wa rangi moja juu ya nyingine. Wa Songea ni John Mbano, kitukuu wa Nduna Songea Mbano aliyenyongwa mwaka 1906 katika vita vya Majimaji, na mkewe Cesilia, ambao utafutaji wao wa fuvu la mzee huyo unawafikisha hadi Berlin.

Mvutano wa filamu hii umo katika msamiati. Kwa hifadhi ya makumbusho fuvu ni kitu chenye namba ndani ya sanduku, na swali lake ni la vielelezo. Kwa familia ni babu, na swali lake ni lini atarudi kulala kwao. Tarehe 1 Novemba 2023, miezi michache kabla ya filamu kutoka, rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alifika Songea na kuomba radhi, lakini radhi hiyo haikuja na fuvu. Ndiyo filamu pekee kati ya zilizotajwa hapa ambayo haina hasara kusimamishwa kwa rimoti katikati, hasa nyumba ikiwa na mzee wa Ruvuma ambaye atataka kusema jinsi alivyoisikia habari ya Nduna Songea kwa wakubwa zake, na mara nyingi maelezo ya mzee yatachukua muda mrefu kuliko sehemu iliyosalia. Mwisho unafika na fuvu la Songea bado halijapatikana.