Onyo la Kompyuta ni Somo la Ufahamu

Mwanafunzi wa kijiji cha Raila, huko Kibera, ambaye hana kompyuta nyumbani, hana budi kuiandika ripoti yake kwenye saiba huku akilipia kila dakika, na stima yenyewe si ya kutegemewa. Wakazi wa mitaa hiyo wana neno lao, sambaza, kwa umeme unaovutwa nyumba hadi nyumba kwa nyaya zisizo halali. Nyaya hizo zikikatwa, kilichokuwa kwenye kioo nacho hukatika. Wala si Raila peke yake. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima iliingia gizani, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta haukusalimika.

Hata hivyo, hoja yangu leo si stima bali ni lugha. Ipo kazi inayopotea taa zikiwa zinawaka, kwa sababu tu mwandishi aliulizwa swali na mashine akalijibu bila kulielewa. Walimu wenzangu, hili ni suala letu kabla ya kuwa suala la mafundi.

Chukua lile swali linalozuka mtu anapofunga waraka: je, ungependa kuhifadhi mabadiliko? Chini yake pana majibu matatu: hifadhi, usihifadhi, ghairi. Aghalabu mwanafunzi huliogopa jibu la tatu, akidhani kwamba kughairi ni kuifuta kazi yake yote. Kumbe ndilo salama kuliko yote. Katika Kiswahili, kughairi ni kubadili nia. Na nia inayobadilishwa hapa ni ile ya kufunga. Ukighairi unarudi ulipokuwa, hakuna herufi iliyopotea. Atakayelifahamu neno hili kwa maana yake ya asili hatahitaji kufundishwa na mtu yeyote.

Au lisome lile onyo jingine, linalosema kwamba mabadiliko uliyofanya huenda yasihifadhiwe. Mwanaisimu hawezi kulipita hivi hivi. Kuna "huenda", neno la shaka, na kuna kitenzi cha kutendwa kisichomtaja mtenda. Nani hatahifadhi? Mashine ama mimi? Sentensi ya namna hii humlaza msomaji usingizi, ilhali maana yake ni nzito: ukiondoka sasa, uliyoyaandika hayana mlinzi.

Neno hifadhi lenyewe lina historia ya kuvutia. Limetoka katika Kiarabu, na pwani yetu mtoto wa chuoni huhifadhi Kurani, yaani huiweka moyoni asiisahau. Kusikia aya si kuihifadhi. Kompyuta nayo ina kusikia na kuhifadhi. Unayoyapiga chapa hukaa kwanza katika kumbukumbu ya muda, ambayo hufutika umeme ukikatika, na ni mpaka yaandikwe kwenye diski ndipo yanapodumu. Programu ya Word huweka nakala ya dharura kila baada ya dakika 10, isipokuwa mtu abadilishe mpango huo. Nakala hiyo ni ya kuokolea jahazi likizama, si badala ya kuhifadhi. Kuhifadhi kwenyewe kwa kujiendesha hufanyika pale waraka unapokaa kwenye hazina ya mtandaoni. Google Docs nayo huhifadhi kila baada ya muda mfupi, mradi intaneti ipo. Ikikatika, na mtumiaji hakuwa ameruhusu kazi ya nje ya mtandao mapema, onyo hutokea na kuandika husimama.

Hapo ndipo tunafika kwenye kile kinachoitwa historia ya matoleo. Sikubaliani sana na tafsiri hii. Toleo ni kitu kilichotolewa, kikakabidhiwa wasomaji, kama toleo la kwanza la kitabu. Rasimu ya saa nne usiku haikutolewa na mtu. Ningependelea historia ya rasimu. Lakini jina lisitukoseshe faida. Mwanafunzi aliyefuta aya tatu Jumatatu anaweza kuzirudia Alhamisi, na kuirudisha rasimu ya zamani hakuziangamizi zile za baadaye. Ngũgĩ wa Thiong'o, alipokuwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, aliandika riwaya yake ya Kikuyu kwenye karatasi za msalani. Askari wakaichukua, na kama isingerudishwa, fasihi yetu ingeikosa. Nakala moja ni hatari hata kwa gwiji.

Kuna jambo jipya linaloipa historia hii uzito katika shule na vyuo. Siku hizi mwanafunzi anayeandika vizuri hushukiwa kwamba ameandikiwa na akili unde. Aliye maskini hushukiwa upesi zaidi, na huo ni uonevu. Historia ya rasimu ni shahidi wake: inaonyesha aya ikizaliwa, ikisahihishwa, ikihamishwa, siku baada ya siku. Insha iliyotua nzima kwa dakika moja nayo itajieleza, ingawa mwalimu mwadilifu atauliza kwanza kama iliandikwa daftarini kisha ikanakiliwa, maana huko Raila hilo ni la kawaida. Na ajue kwamba historia hiyo huonwa na mwenye ruhusa ya kuhariri pekee, na kwamba nakala mpya ya waraka haiibebi.

Programu zenye Kiswahili si ndoto. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Kwa nini basi maonyo haya yasiingizwe katika vipindi vya ufahamu, yakachambuliwa kama kifungu kingine chochote? Na kwa wanaotumia saiba, lipo zoezi moja la ziada: kabla ya kuinuka kitini, ondoka kwenye akaunti yako. Atakayekuja baada yako akiikuta wazi, ataziona rasimu zako zote, na anaweza kuzifuta.