Dawa ya faiba isikae kwenye chupa ya maji ya kunywa

Mvuvi mmoja wa Muleba alinijia na mwanawe wa miaka mitano, jicho limevimba na analia. Baba alikuwa akiziba ufa wa boti ya faiba. Dawa ya kugandisha alikuwa amepimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mtoto alifungua kifuniko, ikamrukia jichoni. Mama alimwosha papo hapo kwa maji mengi, na hilo ndilo lililookoa jicho lake.

Boti za faiba zinaongezeka Ziwa Victoria, hivyo wazazi wa Bukoba na Muleba hawana budi kuvijua vimiminika vitatu vya fundi. Cha kwanza ni rezini, nzito na yenye harufu kali. Cha pili ni kobalti, ya rangi ya zambarau. Cha tatu ni peroksaidi, ambayo haina rangi, kama maji. Hiyo ndiyo hatari zaidi.

Peroksaidi ikivunjika hutoa chembe kali zinazounganisha molekuli za rezini kuwa minyororo migumu. Kwa joto la kawaida huvunjika polepole mno. Kobalti, ambayo ni metali, ndiyo huiharakisha. Fundi huchanganya kobalti na rezini kwanza, kisha huongeza peroksaidi kidogo, kwa kawaida asilimia 1 hadi 2. Kobalti na peroksaidi zikikutana zenyewe, huweza kulipuka na kuwaka moto.

Ukali huo huo huunguza jicho, mdomo na koo. Ajali ikitokea, fanya hivi:

• Ikiingia jichoni, osha mara moja kwa maji safi yanayotiririka, dakika 20 au zaidi, huku ukifungua kope. Kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua.

• Mtoto akiinywa, usimtapishe wala usimpe maziwa ukidhani ni dawa. Msukutue mdomo, mkimbize hospitali, na beba chupa yenyewe.

• Ikimwagikia ngozi, vua nguo na uoshe kwa maji mengi.

Fundi, fanya kazi mahali penye hewa, vaa miwani na glavu, na watoto wakae mbali. Kobalti na peroksaidi ziwekwe mbalimbali, zimefungiwa, zimeandikwa majina.

Mzazi, kama nyumbani kuna dawa hiyo kwenye chupa ya maji au soda, iondoe leo.