Mpira wa Katikati

Jumamosi iliyopita wajukuu wangu walifunga kamba kati ya miti miwili, hapa nyuma ya stoo ya mahindi pembeni mwa Eldoret, wakawaita watoto wa jirani. Raketi zilikuwa tatu, zote za mtumba, na wa nne akashika kibao cha kukatia sukuma wiki. Wawili huku, wawili kule. Mpira wa kwanza ulipita katikati kabisa ya wajukuu wangu, kila mmoja amesimama anamtazama mwenzake.

“Kogo, ule ulikuwa wa nani?” wakaniuliza mimi bibi yao.

Nikawajibu: kaeni kwenye nyasi niwaambie habari za mwanamke aliyeishi kwa kulijibu swali hilo.

Najua mnaishi mji gani: mji wa wakimbiaji. Hapa mtoto akisema anataka kuwa bingwa, watu wanaangalia miguu yake. Bingwa ni yule anayekata utepe, na aliyemvutia kasi kilomita thelathini za kwanza akishajitoa barabarani hakuna anayemuuliza jina. Kwenye tenisi ya wawili wawili mambo hayaendi hivyo: majina mawili yanaandikwa kwenye kombe, au hakuna hata moja.

Mwanamke huyu ni Cara Black. Alizaliwa mwaka 1979 huko Harare, Zimbabwe. Baba yake, Don, alikuwa amecheza Wimbledon miaka ya 1950, na katika shamba lake la maparachichi alitengeneza viwanja vinne vya tenisi. Vya nyasi, si vya saruji. Sasa, mpira ukitua kwenye nyasi hauinuki sana. Unateleza, na ukiungoja umeshapita. Watoto wake watatu, Byron, Wayne na kitinda mimba Cara, wakazoea kuukimbilia wavuni na kuupiga kabla haujagusa chini. Byron alikuja kushinda Mashindano ya Ufaransa mwaka 1994, naye Wayne akashinda ya Marekani mwaka 2001, wote kwa kucheza wawili wawili.

Cara hakuwa mrefu, na akicheza peke yake hakuwa mbaya: alipanda hadi nafasi ya 31 duniani mwaka 1999. Wengi wenu mngeridhika. Lakini wavuni, mwenzake akiwa ubavuni, alikuwa mtu mwingine.

Angalieni hii kamba yenu. Uwanja wa mtu mmoja kwa mmoja una upana wa mita 8.23. Wakiingia wanne, mistari ya pembeni inafunguliwa na upana unakuwa mita 10.97. Upande wenu umeongezewa nafasi isiyofika mita tatu, na miguu imekuwa minne badala ya miwili. Ungedhani kazi imekuwa rahisi! Kumbe hapo ndipo shimo linapochimbika, katikati, maana kila mmoja anadhani mwenzake ataupiga. Wachezaji wazuri hawapotezi muda kulenga pembeni. Wanalenga shimo.

Dawa yake ni mkono. Anayesimama wavuni anaficha mkono mgongoni, mahali ambapo wapinzani hawauoni ila mwenzake aliye nyuma anauona vizuri, akijiandaa kuanzisha mpira. Ngumi maana yake nabaki hapa. Kiganja wazi maana yake nahamia upande wa pili, wewe linda nilipotoka. Mpira ukishapigwa hakuna tena nafasi ya kubadili neno. Ukisema unahama, hama, hata kama umegundua umekosea.

Cara aliizungumza lugha hiyo ya mkono na wenza wengi. Mwaka 2004 alishinda Wimbledon mara mbili katika mashindano yale yale: wanawake wawili wawili pamoja na Rennae Stubbs wa Australia, na mseto, yaani mwanamume na mwanamke, pamoja na kaka yake Wayne. Mwaka uliofuata alirudi na kombe la Wimbledon akiwa na Liezel Huber, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuja kuwa raia wa Marekani. Oktoba 2005 akawa namba moja duniani kwa wachezaji wa wawili wawili, na ukijumlisha vipindi vyake vyote, alikaa juu wiki 163. Yeye na Huber walishinda Australia na Wimbledon mwaka 2007, kisha Marekani mwaka 2008. Kwenye mseto alipata mwenza mwingine, Leander Paes wa India, wakabeba makombe matatu makubwa.

Alipostaafu alikuwa na mataji 60 ya wanawake wawili wawili, na makombe 10 ya yale mashindano manne makubwa, yaani Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani: matano na wanawake wenzake, matano ya mseto. Kombe moja tu lilimkataa, la wanawake wawili wawili Ufaransa. Alifika fainali mwaka 2005 akashindwa.

Msidhani ilikuwa raha tupu. Mwaka 2010 yeye na Huber waliachana. Baadaye Cara alijifungua mtoto wa kiume, mwaka 2012, na wapo waliodhani habari imekwisha. Akarudi. Oktoba 2014, akiwa na miaka 35, alisimama Singapore na Sania Mirza wa India katika fainali ya kufunga mwaka, dhidi ya Hsieh Su-wei na Peng Shuai, waliokuwa wanalitetea taji lao. Cara na Sania walishinda 6-1, 6-0. Wale wawili walikuwa wameshakubaliana kuwa huo ndio mchezo wao wa mwisho pamoja, na bado hawakuacha shimo hata dogo.

“Sasa sisi Kenya?”

Nilijua mtauliza. Julai 2022 Angella Okutoyi, msichana aliyelelewa na bibi yake Nairobi, alicheza fainali ya wasichana wawili wawili huko Wimbledon, mwenzake akiwa Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Upande wa pili walikuwa Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko, ambaye wazazi wake wametoka Kongo. Angella na Rose walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4, na pointi za kuamua wakazimaliza 11-9. Hakuna Mkenya aliyekuwa ameshinda taji katika mashindano hayo makubwa kabla yake.

Na wewe unayelalamika kwamba mpira wako unaruka hadi kwenye mahindi, sikiliza. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mpira haupati wa kuuzuia. Shirikisho la tenisi duniani lina aina ya mpira wa kutumika mahali palipopita mita 1,219. Sisi tumeshapita zamani. Punguza nguvu, usilaumu raketi.

Walisimama kabla sijamaliza. Mkubwa akaenda mbele, karibu na kamba, akaficha mkono mgongoni na kuonyesha ngumi. Mdogo aliye nyuma akaitazama ile ngumi, akaanzisha mpira. Ukarudi kwa kasi kutoka kwenye kibao cha sukuma wiki, katikati kabisa.

“Wangu!” wakasema wote wawili, wakagongana vichwa.