Shukrani katika nchi kame: imani ya nyumbani Ugogo (Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu mbili zilizotangulia tuliitazama imani ya watu wa nyanda za kati kama inavyoonekana hadharani: makanisa na misikiti ya Dodoma, mahubiri na sikukuu zake. Leo tuvue viatu tuingie ndani ya nyumba. Huko ndiko imani inakokaa siku sita za juma, na huko ndiko mtoto anakojifunza kumshukuru Mungu kabla hajaweza kumtaja vizuri.

Tuanze na mvua, kwa kuwa Ugogo, nchi ya Wagogo wa Dodoma, hakuna jambo lisiloanza na mvua. Dodoma ina msimu mmoja tu. Mvua huanza mwezi wa Desemba, miaka mingine ikajitokeza Novemba mwishoni, na kufikia Aprili imekwisha. Kwa mwaka mzima hupatikana wastani wa milimita 550 hadi 600, na hizo hazina ahadi: zinaweza kunyesha zote kwa kishindo Januari, kisha wingu likakatika wiki tatu wakati uwele unatoa masuke. Miezi inayobaki ni jua, vumbi na upepo. Maana yake ni kwamba familia ya Bahi, Chamwino, Mpwapwa au Kongwa hula mwaka mzima kile ilichokipata katika miezi michache, na kila mlo wa Oktoba uliamuliwa shambani Machi.

Katika nchi ya namna hii shukrani haingojei mtu ashibe ndipo imjie moyoni. Ni kazi. Ina majira yake na vyombo vyake, na mtoto hufundishwa pamoja na kupepeta na kuchunga. Ninaamini pia kwamba furaha ya nyumba za Ugogo, ambayo wageni wengi huistaajabia wakiilinganisha na ukame wa nchi, imetoka katika kazi hiyo.

Msikilize Mgogo akisalimiwa. Anaitikia mbukwa, anaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, na kila mara anajibu kwamba ni nzuri. Salamu zikiisha ndipo anaeleza: mtoto wa pili ana homa tangu juzi, ndama amekufa, kisima kimekauka. Wapo wanaoona hapo unafiki. Mimi naona utaratibu wenye busara kubwa. Uzima wa waliopo unatajwa kwanza kwa sababu ni kweli, halafu shida inatajwa kwa sababu nayo ni kweli, na anayeisikia tayari amekwisha kuulizwa hali yake, kwa hiyo hawezi kusikia shida ya mwenzake kama mpita njia. Mtoto aliyesimama pembeni ya mama yake wakati wa salamu hizo amefundishwa somo la dini, ingawa hakuna aliyefungua kitabu.

Ndani ya nyumba somo linaendelea jikoni. Majani ya mlenda huchumwa wakati wa mvua, yakaanikwa juani, yakatwangwa na kuwekwa. Miezi ya kiangazi, wakati hakuna jani bichi popote isipokuwa bondeni, mama huchota mlenda ule mkavu kwa vidole vitatu, akaupika kwa karanga zilizotwangwa kama zipo, na ugali wa uwele au mtama ukateremka. Bibi huwa ndiye anayejua kiasi. Anajua kihenge kimebakiwa na nini, na vidole vyake hupunguza au kuongeza kufuatana na hesabu hiyo. Wajukuu wanaokula naye hujifunza kwamba chakula kina historia: kuna aliyelima, kuna aliyelinda ndege, kuna aliyechuma na aliyeanika. Sala fupi inayotangulia tonge, au Bismillahi inayotamkwa huku mikono ikinawishwa, inaangukia mahali palipokwisha kuandaliwa.

Kisha kuna mbegu. Masuke bora huchaguliwa kabla ya mengine, yakaning'inizwa juu ya meko moshi uyakinge na wadudu, na hayo hayaliwi. Njaa inaweza kubisha hodi Novemba, watoto wakayaona masuke yale kila usiku juu ya vichwa vyao, na bado hayaguswi. Wapo wakulima wanaopanda mvua haijanyesha, wakaifukia mbegu ile katika udongo mkavu na kurudi nyumbani kungoja. Wanatheolojia wameandika mengi kuhusu imani, na sidhani kama wengi wao wamewahi kuieleza kwa uwazi kuliko mama aliyefukia chakula cha wanawe katika vumbi.

Nisieleweke vibaya kwamba nchi hii imekuwa salama kwa wenye imani. Historia yake inakataa. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliteka Dodoma kutoka kwa Wajerumani, na kila upande ulipopita ulichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua zilipokosekana baada ya hapo, nyumba hazikuwa na akiba wala mikono ya kulima. Ikafuata njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliyodumu tangu 1917 hadi 1920, na katikati yake ikaja ile homa kuu ya mafua iliyoizunguka dunia. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 30,000 walikufa kati ya watu 150,000 hivi. Familia zilitawanyika, ndugu wakapotezana, na ukarimu uliokuwa desturi ukavunjika kwa sababu hapakuwa na cha kumkaribishia mtu. Yeyote anayesema habari za shukrani Ugogo lazima aipitie njaa hiyo. Shukrani ya wazee wa huku ni ya watu wanaojua kwamba nyumba inaweza kuvunjika.

Mwaka ule ule njaa ilipoanza, 1917, alizaliwa Ihumwa, jirani na mahali ulipojengwa Mji wa Serikali wa Mtumba, mtoto aliyekuja kuwa mmoja wa washairi wakubwa wa Kiswahili, Mathias Mnyampala. Wengi wanamkumbuka kwa ngonjera, mashairi ya kujibizana yaliyosomwa shuleni baada ya Azimio la Arusha. Wachache wanakumbuka kwamba mwaka 1954 alitoa kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, akiandika mambo ya nyumba na koo kwa heshima ya mtoto anayeandika habari za wazazi wake. Wachache zaidi wanakumbuka kwamba Mkatoliki huyu wa bara alitunga Utenzi wa Enjili Takatifu na Utenzi wa Zaburi, yaani aliyachukua Maandiko ya dini yake na kuyatia katika bahari ya utenzi, ambayo kwa karne nyingi Waislamu wa pwani walikuwa wameitumia kusimulia habari za Mtume na mawaidha ya dini.

Jambo hilo lina uzito kuliko tunavyolipa. Utenzi ni utungo wa kusikilizwa na watu waliokaa pamoja. Mwana Kupona binti Msham wa Pate alitunga utendi wake mnamo 1858 akiwa mgonjwa, ili amwachie binti yake mawaidha ya dini na ya nyumba. Aliyekusudiwa alikuwa mwana mmoja, ukaja kuusikia ulimwengu mzima wa Waswahili. Mnyampala alipoazima chombo hicho aliazima pamoja nacho desturi ya imani kupita kinywani mwa mzazi ikaingia sikioni mwa mtoto. Familia ya Kikristo ya Dodoma iliyosoma beti zake jioni ilikuwa inafanya, bila kujua, kile walichofanya akina mama wa Pate na Lamu.

Watu wa dini mbalimbali wa mkoa huu wameishi hivyo, wakiazimana, kwa muda mrefu. Kondoa Waislamu ni wengi, Mpwapwa wamisionari wa Kianglikana walifika tangu miaka ya 1870, na Wakatoliki wana parokia zao kila upande. Nyumba nyingi zina ndugu wa pande mbili. Sahani ya pilau ya Idi hutoka kwa jirani ikiwa imefunikwa kwa kawa, na hairudishwi tupu. Krismasi inapofika huenda upande wa pili. Hata wazee waliobaki na njia za kale, waliochinja mnyama mweusi wa rangi ya wingu ili kuomba mvua, walifanya hivyo kwa ajili ya kaya nzima na nchi nzima. Sikumbuki kusikia tambiko la mvua lililoombea shamba moja.

Kwa Wakatoliki kuna Jumuiya Ndogo Ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya msingi wa uchungaji wao katika miaka ya 1970. Kila juma jumuiya hukutana nyumbani kwa mwanajumuiya. Leo ni kwa mama huyu, juma lijalo kwa jirani yake. Mikeka inatandikwa, vigoda vinaazimwa, Injili ya Jumapili inasomwa, na nyumba ile ambayo jana ilikuwa na ugomvi wa ada ya shule inakuwa mahali pa ibada. Mgonjwa akitajwa, mchango unakusanywa hapo hapo. Waislamu wanayo maulidi na hitima zao, watu wakala sinia moja. Yote haya yanaiondolea familia aibu ya kuonekana ilivyo. Mtu anayejua kwamba wenzake wataingia kwake zamu yake ikifika hawezi kuendelea kuamini kwamba shukrani ni ya wenye sebule nzuri.

Mwaka 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti uliopata sifa nyingi. Waliwapa baadhi ya washiriki kazi ya kuandika kila juma mambo machache waliyoyashukuru, na wengine mambo yaliyowaudhi. Walioandika ya shukrani waliyaona maisha yao kwa jicho jema zaidi. Tangu hapo madaftari ya shukrani yamekuwa biashara. Siudharau utafiti huo, na msomaji wa mjini anayeishi peke yake atafaidika akijaribu. Lakini daftari lina mwandishi mmoja na msomaji mmoja. Ninachokieleza hapa kina wengi: anayeshukuru, anayeshukuriwa, na watoto wanaotazama. Mtu akikukopesha ng'ombe wa kukamua mwaka wa shida, shukrani yako ni kumtunza ng'ombe yule, kumpelekea mwenyewe habari ya ndama aliyezaliwa, na kuja kulima kwake bila kuitwa. Huwezi kuimaliza kwa kalamu.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wahubiri wetu wengi hulikwepa. Neno la shukrani hutumika vibaya nyumbani, na anayeumia ni mama. Msichana anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kisimani, mama anayelima, kutwanga, kuchanja kuni na kuuguza, huambiwa amshukuru Mungu wakati anachohitaji ni mwenzake kumpokea ndoo. Mji wa Dodoma wenyewe umepanuka kwa kasi tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa wingi mwaka 2016. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 katika jiji, na visima vya Mzakwe vilivyochimbwa kwa ajili ya mji mdogo vinabeba mzigo wa mji mkubwa. Mwanamke wa Ihumwa au Nala anayengoja maji usiku hana upungufu wa shukrani. Baba anayetaka nyumba yenye furaha na aanze kwa kushika ndoo, kisha aongoze sala. Mfuatano huo watoto huuona, na hawausahau.

Na sasa furaha. Ugogo ina msimu wake, nao ni baada ya mavuno, kuanzia Juni, nafaka ikiwa imeingia ndani, jua limepoa na usiku una baridi. Huo ndio wakati wa harusi, wa jando, wa sadaka ya mavuno kanisani ambapo magunia, mbuzi na kuku huletwa mbele kisha hunadiwa kwa kelele na vicheko. Wanawake hupiga mheme, ngoma wanazozibana kwa mapaja, huku wanacheza, na katika makabila yetu si mengi ambayo ngoma kuu iko mikononi mwa wanawake namna hiyo. Nyimbo za Kigogo huimbwa kwa sauti nyingi zinazopishana, kila mwimbaji na njia yake. Mtoto hafundishwi wimbo mzima; anapewa sauti yake, anasikiliza za wenzake, na siku moja anagundua kwamba bila yeye wimbo una pengo. Kwaya za Dodoma zimeiingiza mikondo hiyo kanisani, na anayezisikia mara ya kwanza hudhani walioimba ni wengi kuliko waliosimama.

Aliyeipeleka sauti hiyo mbali kuliko wote ni Hukwe Zawose, Mgogo aliyeitwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere, akaishi Bagamoyo na kufariki huko Desemba 2003. Alipiga ilimba na zeze, na alipopanda jukwaani Ulaya au Asia alipanda na jamaa zake: wapwa, watoto, wajukuu. Nyumba yake ndiyo iliyokuwa bendi yake. Mabinti wa ukoo ule kwa miaka mingi waliitikia na kucheza nyuma ya wanaume. Mwaka 2024 Pendo Zawose, binti yake, na Leah Zawose, mjukuu wake, walitoa santuri yao wenyewe, na safari hii sauti inayoongoza ni ya kwao, na ilimba iko mikononi mwao. Santuri hiyo inaitwa Maisha.

Sehemu ya nne itahusu mahari, ng'ombe na amani kati ya wakwe.